Rupia Moja, Mara Saba

Kabla hamjaendelea kuisambaza ile sauti aliyorekodi mwenzetu Shahidi kwenye magrupu, nipeni dakika mbili na mimi niseme langu. Jamaa anadai nilitoa rupia moja kwenye sherehe ya Ganpati, yule mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. Uongo mtupu. Nilitoa saba.

Ni jana usiku tu, hata kurta niliyoazimwa sijaifua.

Mliowahi kuishi Pune, huku India, mnajua siku hizi kumi za Ganpati zilivyo. Ngoma za dhol zinapigwa mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka. Mimi nimepanga chumba hapa Kothrud kwa mama mmoja ambaye jengo zima linamwita Kaku, yaani mama mdogo. Na yeye ananiita "bala". Kwa Kimarathi ni kama kusema "mwanangu", lakini wiki ya kwanza nilidhani mama wa watu kanisoma mapema.

Kaku alinifunda siku tatu kabla. Viatu uvue nje. Cha baraka upokee kwa mkono wa kulia. Na ukitoa pesa usitoe iliyokamilika. Si 500, ni 501, maana sifuri inafunga hesabu na ile moja inaacha mlango wazi, baraka ziendelee kuingia. Ndiyo maana bahasha za zawadi huku zinauzwa na sarafu ya rupia moja imeshagandishwa juu, wewe unatia noti tu. Akaniletea bahasha moja. Mimi kijana wa kisasa nikacheka: "Kaku, bahasha ya nini tena? Si pale pana QR?"

Hiyo bahasha msiisahau.

Maana huku kila mtu analipwa kwa simu: muuza vitunguu, fundi cherehani, mpaka mwenye mkokoteni wa madafu. Ni kama lipa namba yetu, ila wao wana kispika kidogo, saizi ya kikombe, kinachotangaza kwa sauti pesa ikiingia ili muuzaji asihangaike kutazama simu. Kamati ya jengo letu imekiweka cha kwao pembeni ya sanduku la michango, hatua tatu kutoka kwa sanamu ya Bappa mwenyewe, ndivyo wanavyomwita Ganpati. Na mbele yake, sijui kwa akili ya nani, wakasimamisha maikrofoni.

Saa mbili usiku tumejaa pale uwanjani. Bappa wa udongo ametulia na mkonga wake, modak 21 zimepangwa mbele yake kwenye jani la mgomba. (Watu wa Tanga, siku mkiing'ata modak mtalia: nazi, iliki, sukari guru, ndani ya unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke.) Kwenye kiti cha mbele kabisa hajakaa mtu, imekaa tableti. Humo ndani yuko binti wa Kaku, yuko London, kwao saa tisa na nusu mchana, kajibanza kwenye ngazi za ofisini na mtandio kichwani. Kila baada ya muda anamwita mama yake: "Aai, sogeza, Bappa haonekani!"

Aarti, ile ibada ya nyimbo na moto, ikaanza. Makofi, matoazi, kengele, sahani ya moto wa kafuri inazungushwa. Nikaona ndio wakati wangu huu, kelele tele, hakuna anayenitazama. Nikaskani. 501. Namba ya siri. Duara likazunguka, likazunguka, likagoma. Nikasema labda akaunti ina tatizo, ngoja nijaribu kwa rupia moja kwanza, maana ndivyo watu wanavyofanya huku. Rupia moja. Namba ya siri. Duara. "Inashughulikiwa." Nikajaribu tena. Na tena. Watu kama 200 kwenye uwanja mmoja, wote wanarusha video mubashara, mtandao utoke wapi? Lakini akili ya kuwaza hivyo nilikuwa nimeiacha chumbani pamoja na bahasha. Nilipofika ya saba nikatia simu mfukoni. Nitalipa kesho.

Aarti ikaisha. Akasimama Ajoba, babu wa jengo, miaka 80 na ushee. Ajoba ana hotuba moja, na ndani yake mwaka ni ule ule mmoja. Akianza, watu wote hushusha simu kwa heshima. Sasa unganisheni wenyewe: simu zikishuka, mtandao unapanda.

"Mwaka 1893," akasema taratibu, uwanja kimya, "Lokmanya Tilak, mpigania uhuru wetu, aliitoa ibada hii majumbani, akaileta hadharani, ili mkubwa na mdogo wasimame pamoja, na kila mmoja atoe..."

Akavuta pumzi.

"EK RUPAYA PRAPT HUA."

Sauti ya kike, Kihindi kilichonyooka, imepita kwenye maikrofoni ikatokea kwenye spika nne. Rupia moja imepokelewa.

Nikatazama mbele kama abiria asiye na nauli akimsikia konda anagonga sarafu. Ajoba akakohoa. "...kila mmoja atoe alichojaaliwa..."

"EK RUPAYA PRAPT HUA."

Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa ziko saba. Sijui kama mmewahi kusubiri viboko mnavyoijua idadi yake. Kati ya cha pili na cha tatu nilipata muda mzuri wa kuiwaza ile bahasha. Noti ikishaingia mle, nani anajua ni ya 500 au ya 20? Wazee wa watu walikaa wakatengeneza njia ya fukara kutoa bila kuumbuka, mimi nikaicheka.

Ya tatu. Ya nne, watoto wakaanza kuhesabu: "Chaar!" Ya tano, "Paach!", Ajoba akakaa chini. Ya sita, mweka hazina akatoa simu, akavaa miwani. Simu yake inaonyesha jina la mtumaji. Jina langu mnalijua lilivyo refu. Akalisoma kwenye maikrofoni silabi moja moja kama anabangua korosho, akidhani ni mfadhili anayetaka kutambuliwa. Ya saba ikaja nyuma ya jina langu, kama muhuri.

Halafu London ikauliza: "Aai, nani huyo anatoa rupia moja moja?"

Na Kaku, kwa mapenzi yote, akaninyooshea kidole mbele ya umati: "Ni bala wangu."

Kwa mara ya kwanza neno likawa sahihi kwa lugha zote mbili.

Mengine hayana maana. Nilipanda juu mbio, nikashuka na bahasha ina 500 ndani na sarafu yake juu, wakanipigia makofi, Ajoba akanipa modak mbili, hotuba hakuimalizia. Asubuhi ile 501 ya kwanza nayo ikapita. Shahidi alikuwa amesimama nyuma muda wote. Anasema aliniombea. Sauti yake ina dakika nne, hayo maombi sijayasikia.

Sasa kuna mwenzenu kaweka namba yangu ya malipo kwenye grupu, na tangu saa nne mnanitumia rupia moja moja. Nawaona. Zimefika 38. Iliyoingia sasa hivi nimeifungua nione ni nani tena.

Ni Kaku. Sikujua hata kama anayo hiyo programu.