Ndoo ya mchele kati ya Jengo la Pili na la Tatu

Tangu Agosti 2019, lilipofunguliwa Jengo la Tatu la Abiria katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, safari za nje zimehamia huko na za ndani zimebaki Jengo la Pili. Wapo wanaousifu mpango huu na wapo wanaoulalamikia.

Wanaousifu wana historia upande wao. Jengo la Kwanza ni la miaka ya 1950, na leo ni la ndege ndogo na za kukodi. La Pili lilichorwa na Mfaransa Paul Andreu, yuleyule aliyechora jengo la kwanza la uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle kule Paris, likafunguliwa 1984. Lilikusudiwa abiria wapatao milioni 1.5 kwa mwaka, na miaka mingi kabla ya 2019 lilishaelemewa. Aliyesafiri enzi zile anakumbuka: ndege mbili kubwa zikitua kwa kufuatana, foleni ya viza inagusana na ya pasipoti, joto, watoto wanalia. Jengo la Tatu lina uwezo wa abiria milioni 6. La Pili likapata kupumua, na hilo halina ubishi.

Sasa mwangalie mama anayetoka Mbeya kwenda Muscat, binti yake kajifungua. Anashukia Jengo la Pili, anasubiri begi lake na ndoo ya mchele wa Kyela, mfuniko umezungushiwa selotepu mara nne. Majengo haya hayako chini ya paa moja. Inabidi atoke nje na mizigo, apande gari, kisha aanze ukaguzi upya: viatu, mkoba, ndoo juu ya mashine. Kijana aliyezoea safari hatatoa hata jasho. Mama huyu hajui amuulize nani, na saa inakwenda.

Watetezi watajibu kwamba abiria wengi wa ndani wanaishia Dar. Sawa. Lakini tumenunua ndege mpya tukisema tunataka Dar iwe kitovu cha safari, ishindane na Nairobi na Addis Ababa. Kitovu kinaishi kwa watu wanaounganisha safari, yaani watu kama mama huyu. Hapo ndipo hoja ya walalamikaji inaponizidi nguvu.

Sisemi safari zirundikwe tena pamoja. Kuna familia za Kipawa zilizohama makwao kupisha upanuzi wa uwanja huu; nafasi iliyopatikana kwa gharama hiyo itumike yote. Ninachodai ni kiungo: basi la abiria wa kuunganisha linalopita ndani ya uzio, lenye ratiba inayojulikana, na mizigo inayohamishwa na wahudumu kutoka ndege hadi ndege. Ndoo ile ibandikwe lebo ya Muscat palepale Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, na mama ashuke Dar akiwa na mkoba wake tu.