Usiache vyuma, ila mkeka ndio upange ratiba

Kuna mdogo wangu mmoja ameanza jiu-jitsu, mchezo wa kukabana na kupigana kufuli za viungo mkekani, pale tunapofanyia tizi, ana mwezi wa pili sasa, juzi tunakunja gi zetu (zile sare nene zenye kola) akaniuliza, dada eti niache gym? Kocha wake wa gym anamwambia jiu-jitsu itamkausha misuli, na wa mkekani wanamwambia vyuma vitamfanya mzito na ategemee nguvu badala ya ufundi. Nilimjibu harakaharaka maana bajaji ilikuwa inanisubiri nje, ila swali limenikaa kichwani wiki nzima, kwahiyo acha niandike nnachoamini.

Usiache. Ila mkeka, yaani jiu-jitsu, ndio upange ratiba, vyuma na mbio vifuate.

Ufundi unashinda nguvu, hilo ni kweli kabisa. Mimi nina kilo 61 na nshawahi kumkaba shingo mwanaume wa kilo 85 akagonga, yaani akakubali kushindwa, bila ufundi nisingemgusa yule. Lakini watu wanaibeba hiyo kauli kama vile nguvu ni dhambi. Wanamtaja Hélio Gracie, alikuwa na mwili mdogo akaunda mchezo wa kutumia wenzo badala ya misuli. Sawa. Mwaka 1951 pale Maracanã, Rio de Janeiro, huyohuyo Hélio alikutana na Masahiko Kimura, mjudo wa Kijapani, mzito kumzidi na mwenye nguvu za kutisha na ufundi anao tele, akapigwa kufuli la mkono ambalo mpaka leo tunaliita kimura. Ufundi ukilingana nguvu inaamua, ndio maana mashindanoni tunapimwa uzito.

Halafu atatokea mtu aseme mbona Marcelo Garcia, bingwa mara 4 wa ADCC, mashindano makubwa ya dunia ya michezo ya kukabana, anajulikana kwa kutobeba vyuma? Ndiyo, lakini yule maisha yake yalikuwa mkekani. Mimi nashinda kwenye kiti masaa 8, natoka na mgongo umekakamaa, naingia kwenye foleni, mkekani kwa wiki nzima napata masaa manne nikijitahidi. Mwili wa namna hiyo halafu mtu mwenye kilo 85 anakaa juu ya mbavu zako, lazima kuwe na kitu kinachoshikilia magoti, mabega na shingo.

Sasa kosa nililolifanya mimi, na naliona kwa wengi, ni kurundika. Mwaka jana nilitaka vyote kwa pamoja, asubuhi skwati nzito, mchana nikipata nafasi naruka kamba kwa kasi mpaka niione dunia inazunguka, jioni jiu-jitsu, na sikuwa nalala vizuri. Wiki ya tano hivi, Jumatano, raundi ya mwisho, mwenzangu akaupata mkono wangu, na kwa kawaida ningeona hatari mapema nikagonga, siku ile nilikuwa nimechoka mpaka akili imechelewa, nikasikia kiwiko kimelia tak. Mwenzangu aliachia palepale, hana kosa hata kidogo. Wiki 6 sikushika kola ya mtu. Watu wanadhani uchovu unaiba nguvu tu, jamani uchovu unaiba na maamuzi, na kwenye mchezo wa kufuli maamuzi ndio yanayolinda viungo vyako.

Na hili la kuchanganya nguvu na pumzi sio hisia zangu tu. Mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson aliweka makundi matatu kwa wiki 10, moja la mazoezi ya nguvu, moja la pumzi, na la tatu likafanya yote mawili kwa ukali uleule. Hilo la tatu nguvu zilipanda vizuri tu mwanzoni, ila wiki za mwisho zikagoma na kuanza kushuka. Lakini angalia kipimo, wale walikuwa wanajituma karibu kila siku, nguvu siku 5 na pumzi siku 6 kwa wiki. Ukifanya kwa kiasi, na ukiachanisha masaa ya kutosha kati ya kimoja na kingine, mwili unabeba vyote bila shida.

Kwahiyo mimi sasa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni ni mkeka, na siku hizo sigusi kitu kingine. Jumanne na Jumamosi asubuhi vyuma, dakika 45 basi. Dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni) seti 3 za mara 5, skwati, kusukuma chuma juu ya kichwa, na kujivuta kwenye bomba. Kwenye kujivuta natupia gi kuukuu juu ya bomba nashika kola mbili badala ya chuma chenyewe, maana jiu-jitsu inaua mikono kuanzia kwenye viganja, kuna siku niliwahi kumaliza mazoezi vidole vimejikunja vimegoma kufunguka, chupa ya maji nikafunguliwa na mtu. Sifanyi mpaka nidondoke, naacha nikiwa bado naweza marudio mawili mengine, kwasababu kesho yake au keshokutwa kuna mtu atanikalia.

Alhamisi alfajiri nakimbia mdogomdogo dakika 40, kasi ambayo naweza kupiga stori na mtu wa pembeni. Hapa ndio watu wananibishia sana, wanasema jiu-jitsu ni kasi kwahiyo kimbia kwa kasi. Lakini ile kasi mkekani unaipata tayari! Pambano la mkanda mweupe, wale wanaoanza, ni dakika 5, sisi bluu dakika 6, na raundi za mazoezi zinafuatana nne, tano, moyo unadunda mpaka masikioni. Mbio za taratibu zinakupa kitu kingine, zinafanya moyo urudi chini haraka ile dakika moja ya kupumzika kati ya raundi, na miguu haichoki kesho yake.

Ila kwa mgeni niseme ukweli, pumzi inayokukata miezi ya mwanzo mara nyingi si ya mapafu. Juzi nilikuwa chini ya huyo mdogo wangu nikamwangalia usoni, midomo ameibana, shingo imejaa mishipa, amebana pumzi kama anapiga mbizi na amenishika kola kwa nguvu zote wakati mimi sifanyi chochote, nimelala tu. Nikamwambia mdogo wangu pumua, toa hewa kwa mdomo nisikie. Akatoa. Mabega yakashuka, mikono ikalegea kidogo, na tukaendelea raundi nzima bila yeye kuomba kusimama.

Gym anaendelea nayo, tumekubaliana aende Jumanne na Jumamosi pamoja na mimi.