Marehemu wa Ngamiani

Nilikuwa fildi Tanga, mtaalamu wa wiki mbili, nimepanga chumba Ngamiani kwa mama muuza vitumbua. Siku moja vitumbua vikagoma kuumuka, vikatoka bapa kama chapati. Mama akashuku hamira. Nami, nani kaniuliza? "Mama, nipe kidogo nikaipime kwa hadubini."

Asubuhi ya Ijumaa, maabara, nikaikoroga kwenye chupa ya soda na maji ya uvuguvugu na kijiko cha sukari, nikadondoshea methilini bluu kidogo, rangi ya maabara. Chembe ya hamira iliyo hai huiondolea ile rangi ubluu, ikabaki nyeupe. Iliyokufa haina ubavu huo, inabaki bluu. Unahesabu wafu, unahesabu wazima, basi. Ila rangi iwe kiduchu na usichelewe kutazama, maana ikizidi hata wazima hukolea. Hilo nililisoma baadaye.

Kwenye slaidi, kile kioo cha hadubini, nikaongeza matone manne ya rangi, ya nguvu, kisha nikaenda kula mihogo. Kurudi, nakuza mara 400: bluu tupu! Nikaandika daftarini: wamekufa asilimia 100. Nikakaza kifuniko cha chupa, nikaitia mfuko wa kanzu, nikapanda baiskeli kumpelekea mama ushahidi.

Jua la Tanga mnalijua. Barabara ya 12 nikahisi mfuko umetuna. Naitoa chupa, ngumu kama jiwe, na maji yamekuwa meupe kama tui. Nikasema rangi yenyewe feki. Nikafungua polepole, upole ulikuwa wangu, si wa chupa. Paaa! Povu usoni, ndevuni, kanzu nzima.

Alhamdulillahi, nikasema, angalau ni jeupe. Nilishukuru mapema. Ile rangi ilikuwa imevuliwa ubluu tu. Ikipata hewa inauvaa tena. Mbele ya mafundi baiskeli, kanzu ikaanza kugeuka.

"Jamani, njooni mwone kinyonga wa msikitini!"

Nyumbani mama aliniangalia toka kofia hadi makubazi. "Mwanangu, kulikoni?"

"Hamira yako, mama. Imekufa yote."

Akalitazama povu, bado linatutumka ndevuni. "Marehemu ndio wamekufanya hivi?"

Akacheka hadi akakaa kwenye mbuzi ya nazi. Alipotulia akakumbuka: usiku ule wa vitumbua bapa alikuwa anatazama tamthilia, hamira hakuitia kabisa.