Vihisi vinne badala ya kimoja: anayelalamikia gharama anasahau nini?

Mpima ardhi akiona droni imefungwa vihisi vinne vya inesha (vifaa vinavyopima mchapuko na mzunguko, ili kujua droni iko wapi na imeelekea wapi) pamoja na kipokezi cha setilaiti, hoja yake ya kwanza ni gharama. Ana haki. Kila kihisi kina uzito, kinakula umeme, na mkao wake lazima ujulikane barabara kabla ya kuruka. Hesabu nayo inambeba: ukichukua wastani wa vihisi kadhaa, makosa ya kubahatisha hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi tu. Vinne huyapunguza nusu. Ukitaka robo, funga 16. Kosa linalovikumba vyote kwa pamoja, kama lile la joto, halipungui kabisa.

Tuchukue kipima-mchapuko, sehemu ya kihisi cha inesha, chenye kosa la kudumu la sehemu moja ya elfu ya mvutano wa dunia, ambalo halijasahihishwa. Setilaiti zikipotea chini ya daraja, baada ya sekunde 10 umepotoka nusu mita. Baada ya sekunde 60 ni zaidi ya mita 17, kwa sababu kosa hukua kwa mraba wa muda. Hata likipunguzwa nusu, bado ni karibu mita 9, na mteja anataka sentimita. Kama faida ingekuwa wastani peke yake, ningewaunga mkono wanaopinga.

Lakini kihisi kimoja hakiwezi kujishuhudia. Viwili vikitofautiana, unajua kuna tatizo bila kujua liko wapi. Kikiongezeka cha tatu, mbovu anaumbuka. Kubwa zaidi, vyote vinapitia mwendo uleule. Ukitoa somo (namba iliyosomwa) la kimoja kwenye la kingine, baada ya kurekebisha tofauti za mkao, mwendo unajifuta na kubaki makosa ambayo vihisi havishiriki. Hapo kichujio cha Kalman, yaani hesabu inayounganisha masomo ya vihisi na ya setilaiti kwa kupima lipi liaminiwe zaidi, hupata ukubwa halisi wa kelele ya wakati ule, mitetemo ya injini ikiwemo, badala ya kutegemea takwimu za maabara ya mtengenezaji. Usahihi unaoandikwa kwenye ripoti unakuwa karibu zaidi na ukweli.

Na hili si jambo dogo. Kutoka mita 1000 juu, kosa la nyuzi 0.01 kwenye mwelekeo wa kamera husogeza nukta ardhini sentimita 17 hivi, hata setilaiti zikiwa zimetoa mahali pa ndege bila dosari.

Ndiyo maana kuyachanganya masomo kuwa wastani ndani ya chombo, kabla hayajahifadhiwa, ni hasara kubwa: tofauti zinazotupwa hapo ndizo zilizofanya vihisi vya ziada vistahili bei yake.