Kibodi ya tableti ijaribu pajani kwanza

Watu wengi wakienda kununua kibodi ya tableti wanaiweka kwa kaunta ya duka, wanaandika jina lao, wakiona inafanya kazi wanalipa wanaenda. Sasa niambie, ukisafiri huku kwetu meza utaipata wapi? Utaandika ukiwa ndani ya matatu imesimama steji ya Ahero inangoja kujaa, ama kwa benchi mahali unangojea mtu, ama kitandani kwa gesti yenye kimeza cha kuwekea thamosi tu. Pajani, ndiyo meza yetu. Kwa hivyo mwambie mwenye duka akupe kiti, keti, weka tableti na kibodi mapajani uandike hata aya mbili, usione haya, pesa ni zako.

Zile za kukunja hapo ndipo zinashindwa. Zinapendeza na zinaingia mfukoni, lakini pajani nyingi zinalegea katikati ukibonyeza, na ili zitoshe kukunjwa wamebana batani hadi vidole vinagongana. Kibodi ya kawaida ya kompyuta ina kama milimita 19 kutoka katikati ya batani moja hadi katikati ya jirani yake, beba rula upime, ikipungua kidogo utazoea lakini ikipungua sana ripoti ya kurasa tano itakuwa mateso.

Mimi nashikilia kava yenye kibodi na bawaba ngumu, ile unafungua kama laptopu ikasimama yenyewe bila kigingi cha nyuma. Ni nzito, ndiyo, lakini kutoka Kericho hadi Mau Summit na zile kona zote haianguki kutoka mapajani. Shida yake ni lazima iwe ya tableti yako kabisa: kava ya iPad ya inchi 10.2 inaingia kizazi cha 7, cha 8 na cha 9, ukiwa na cha 10 haikai, kwa hivyo nenda na tableti yenyewe dukani.

Kama wewe huandika ukishafika na meza iko, basi chukua ya bapa, ile inakaa peke yake bila kushikana na tableti. Logitech K380 kwa mfano inashika vifaa vitatu, unaruka kutoka tableti hadi simu kwa batani moja, na inatumia betri mbili ndogo kama za rimoti. Hizo betri ndizo napenda sana, kwa sababu ziko kila kiduka, Luanda, Molo, popote, stima ikipotea usiku huna haja ya kupigania pawabanki na simu. Za kuchaji si mbaya, ila angalia tundu lake liwe sawa na la simu yako, kubeba waya ya pili kwa sababu ya kibodi peke yake ni usumbufu wa bure.

Vumbi pia lifikirie, na ukiwa Kisumu karibu na ziwa jioni kuna wale wadudu wadogo wanajaa kwa taa na kuingia kila mahali, batani zilizofunikwa juu unapangusa na kitambaa na kazi inaendelea.

Kitu kingine, ukinunua mtumba uliotoka Uingereza, alama ya @ haitakuwa juu ya 2, iko karibu na Enter, na ukibonyeza unapata alama za kunukuu. Haijaharibika. Ingia mipangilio ya tableti, sehemu ya kibodi ya nje, uchague mpangilio wa Uingereza, itatulia.

Na kama hela ni kidogo sana usikope. Kibodi ya USB ya kompyuta ya kawaida pamoja na kiadapta cha OTG, kile kidogo unachomeka kwa tundu la kuchaji la tableti ili lipokee waya ya USB, inafanya kazi kwa tableti nyingi za Android, haitaki Bluetooth wala chaji yake, itachukua nafasi kubwa kwa begi tu. Muulize fundi kama tableti yako inakubali OTG kabla hujatoa pesa.