Shemeji, Mbona Unarudi Nyuma?

Kwa wiki sita nilipanda na kushuka ngazi za ofisini, ghorofa kumi, begi la kilo 12 mgongoni. Mlinzi alinizoea mpaka akawa ananihesabia mizunguko. Safari yenyewe ilikuwa ya siku moja tu: kulala nyumba ya wageni iliyo mita 2,900, kudamka, kupanda kilele cha mita 3,900, kurudi.

Shemeji yangu, ambaye zoezi lake zito ni kuitafuta rimoti, alitangulia siku tatu. "Naenda kulala, mwili uzoee hewa." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Siku hizo tatu mimi nilizimalizia kwenye ngazi, na juzi yake nikashuka mizunguko ishirini. Kumbe kushuka ndiko kunakoumiza mapaja, tena maumivu yake hayana haraka: yanabisha hodi kesho, yanahamia rasmi keshokutwa.

Nilifika jioni. Niliwahi kusikia kwamba dawa ya mwinuko ni maji, basi nikanywa lita nne. Huko juu mwili wenyewe unapenda kukojoa hata bila kuchochewa. Nilikwenda chooni mara saba. Usingizi ulipokubali, nikaanza kupumua kwa mafungu: pumzi za haraka haraka, kisha kimya cha sekunde kadhaa, kisha nakurupuka na kuvuta tena. Watu wengi hupumua hivyo wakilala milimani. Shemeji hakuwa na habari. Kila nikinyamaza ananirukia na kunitikisa: "Shemeji! Shemeji! Dada nitamwambia nini?"

Alfajiri kichwa kilikuwa kinapwita. Kwenye mita 3,000 kanieneo ya hewa, yaani msukumo wake, ni kama asilimia 70 tu ya ile ya usawa wa bahari, na mapafu hayaulizi umepanda ngazi ngapi. Nilitoka mbio ili shemeji asinione mnyonge. Mita 3,400 nikatapika kwenye kiatu cha mwongozaji. Akakitazama kiatu, akanitazama mimi. "Kichwa na tumbo vikilalamika pamoja, hatupandi tena. Shuka." Akamwachia msaidizi wake kazi ya kunishusha. Shemeji akaendelea na safari, anapiga mluzi. Mluzi, jamani, mahali ambapo mimi kusema "ndiyo" kulinihitaji mapumziko!

Tukaanza kushuka, mapaja yakagoma. Kila hatua goti linajikunja lenyewe kama kiti cha kukunja. Baada ya kuanguka mara mbili nikagundua kwamba nikishuka kinyumenyume siumii. Msaidizi akanishika mkono, tukaenda hivyo, uso wangu ukielekea kileleni, mwendo wa kinyonga.

Saa nne baadaye nikamwona shemeji anakuja kutoka juu, amechangamka. Kuniona nimeelekea mlimani, akafurahi kweli kweli.

"Kaza, shemeji! Nilijua hutakata tamaa!"

Akatembea, akatembea, kisha akasimama.

"Sasa mbona unapanda, halafu unazidi kuwa mbali?"