Mbwigu naye ni mwindaji

Ukiwauliza watu ndege wawindaji, watakutajia tai, mwewe na kozi. Mbwigu hakumbukwi na mtu, ingawa kila siku yuko palepale kwenye waya wa umeme, Nairobi au Arusha, macho kwenye nyasi. Ana gramu 30 hadi 40 hivi, ila kwa umbo hilo mimi namweka mbele ya tai.

Mtazame vizuri yule wa kawaida wa nyanda za juu, Lanius humeralis. Juu mweusi, chini mweupe, na mgongoni ana michirizi miwili myeupe inayokutana kwa umbo la V. Mkia ni mrefu na mwembamba. Jike utamjua kwa baka la hudhurungi ubavuni, likiwa halijafunikwa na bawa. Halafu mdomo: mnene, ncha imepinda kama ndoana, na nyuma kidogo ya ncha kuna pembe kali mfano wa jino, kama la kozi. Akishuka juu ya panzi, mjusi au panya mdogo, huuma shingoni.

Shida yake ni miguu. Haina kucha za kushikia nyama wakati mdomo unararua. Ni miguu ya ndege wa kawaida anayetua tu matawini. Ndiyo maana hutafuta mwiba, au seng'enge, akachomeka windo lake hapo na kulinyofoa taratibu. Watu wakikuta panzi ametundikwa uani husema huyu ndege ni katili. Katili wapi? Hana mkono, amejitafutia mkono.

Na tundiko hilo ni ghala pia. Katika jangwa la Negev, Israeli, watafiti waligundua kwamba madume wa mbwigu wa huko wenye akiba kubwa miibani ndio waliotangulia kupata wenza. (Mahari ni mahari.) Huko Marekani yupo mbwigu mwingine, Lanius ludovicianus, anayekamata panzi wakubwa wenye sumu. Humtundika mmoja, akaondoka, akarudi baada ya siku moja au mbili sumu ikiwa imepungua. Huyohuyo, katika utafiti wa picha za video uliochapishwa mwaka 2018, alionekana akiwa ameuma panya shingoni na kumtikisa mara 11 kwa sekunde moja, shingo ikaumizwa na uzito wa panya mwenyewe.

Kwetu kinachoniudhi ni kuta. Ua wa michongoma unang'olewa kila mtaa, unajengwa ukuta wa mawe uliopigwa plasta laini, halafu tunashangaa bustani imejaa panzi. Seng'enge inamfaa, kwa hiyo hafi njaa, lakini kiota chake hawezi kukijenga juu ya plasta. Mwenye michongoma abakize hata kipande cha nyuma. Na ukimkuta mjusi kwenye mwiba, usimtoe. Mwenyewe anakuja.